Kwa Seif, Beki Aliyekwenda Kutafuta Timu

Baba Nasra, mume wangu,

Amani ikufikie popote ulipo, kama upo. Nakuandikia gazetini kwa sababu sina pengine pa kukuandikia. Ile namba ya simu uliyoniachia siku hizi hupokewa na mtu asiyejua hata lugha moja ninayoijua mie, na wanaosema wamekuona kila mmoja anakutaja katika nchi nyengine. Gazeti husafiri. Hufungiwa maandazi, hutandikwa chini ya mizigo, hutiwa ndani ya mabegi ya wafanyabiashara wanaokuja huku Guangzhou na wanaokwenda Bangkok na Jakarta. Huenda ukurasa huu ukakufikia umefungiwa kitu. Na ili mwengine akiusoma apate kukujua, nimelitaja jina lako juu, Seif, jina ambalo tangu tuoane sikuwahi kulitamka mbele za watu.

Mara ya kwanza kukuona ulikuwa unatolewa uwanjani, na aliyekutoa ni baba yangu. Unamkumbuka alivyokuwa siku zile: refa mwembamba, soksi amezivuta mpaka magotini, anapuliza filimbi katika uwanja wa Mao pale Kikwajuni, Unguja, kama mtu aliyedhulumiwa. Ulimwendea mshambuliaji kwa kuteleza, mpira ukautoa, na mtu akaruka akaanguka. Baba akachomoa kadi nyekundu. Uwanja mzima ulipiga kelele. Wewe hukupiga. Ulimsogelea ukamwambia kwa adabu, "Mzee, mpira niliugusa."

"Mpira uliugusa," Baba akakujibu, "na mtu pia ukamgusa. Toka."

Ukatoka. Kesho yake baada ya alasiri ukabisha hodi nyumbani kwetu Mikunguni. Mie nilidhani umekuja kugombana. Kumbe umekuja kumwomba akuoneshe pale ulipokosea. Baba akapanga vifuniko vya chupa juu ya meza, huyu wewe, huyu yeye, huu mpira, na nyinyi wawili mkainamia meza mpaka ikaadhiniwa magharibi. Wiki iliyofuata ukaja tena, na nyengine tena. Mama ndiye aliyekuwa wa mwanzo kugundua kwamba macho yako hayako kwenye vifuniko. Baba alipoambiwa akasema, "Basi huyu kijana anasoma sheria za mpira au anaisoma nyumba yangu?"

Tangu kadi ile hukutolewa tena uwanjani, si kwetu wala ugenini. Ulikuwa beki wa kati asiyechafua mtu. Mabeki wengine waliwasubiri washambuliaji wafike ndipo wapambane nao. Wewe ulikuwa ushafika mahali ambapo mpira unakwenda, umesimama, unamngojea mwenzio kama mwenyeji anayemngojea mgeni mlangoni. Watu walisema una bahati, mpira unakufuata. Baba alikuwa akiwacheka.

Kisha timu ikaalikwa kuja kucheza mechi za kirafiki huku China. Mlikwenda wengi, lakini aliyerudi na karatasi ya mkataba ni wewe peke yako. Kulikuwa na tajiri mwenye kiwanda cha mafeni pembezoni mwa Guangzhou, ana klabu yake ya daraja la pili, na kocha wake alikutazama kipindi kimoja tu akasema huyu tusimwache. Ulikuja kwetu na wazee wako, umevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Baba akakuuliza swali moja tu.

"Ukivunjika mguu kule, binti yangu atakaa na nani?"

"Atakaa na mimi, mzee," ukasema, "na mguu wangu uliovunjika."

Wazee wakacheka, fatiha ikasomwa. Nilikuwa nyuma ya pazia na niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu. Nimeyakumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Wajua, Baba Nasra, kwamba ile miezi ya mwanzo ndiyo maisha yangu yote? Nikiambiwa nichague siku za kuzirudia sitachagua za utotoni. Nitachagua chumba kile cha jengo la klabu nyuma ya kiwanda, kinachonuka rangi ya mafeni, na bibi wa jirani ambaye sote tulimwita Apo kama anavyoitwa bibi yeyote kwa Kikantoni. Alipofahamu kwamba hatuli nguruwe alinunua sufuria mpya kwa ajili yetu, akatuonesha kwa vidole kwamba hii ni yenu, haijaguswa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema sokoni. Na yule mkalimani wa klabu, Bwana Liang, aliyesomea Kiswahili chuoni na hajawahi kuiona Afrika! Unakumbuka alivyotupokea uwanja wa ndege? "Karibuni ndugu zangu. Natumai safari yenu ilikuwa ya kuridhisha." Ulinifinya mkono nisicheke.

Mlipokuwa mkishinda, tajiri alimpa kila mchezaji feni. Mkashinda sana mwaka ule. Feni juu ya kabati, feni chini ya kitanda, feni jikoni, nyengine tukampa Apo, nyengine zikasafirishwa mpaka Mikunguni. Joto la mwezi wa saba lilipotuzidia ukaziwasha zote pamoja, nguo zangu zikaruka kwenye kamba kama bendera, na mara jengo zima likazimika umeme. Tukasikia watu wanalalamika ngazi nzima. Tulikaa sakafuni tunacheka, umejiziba mdomo kwa mto wasitujue.

Halafu ile mechi ya mwisho ya msimu. Mlihitaji sare tu mpande daraja. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi na mie nilikuwa na mimba ya Nasra, nimeketi na wake wa wachezaji chini ya mwavuli mmoja mkubwa. Mnaongoza bao moja, wakasawazisha, na karibu na mwisho mshambuliaji wao akampita kipa wenu. Goli tupu. Akaupiga mpira taratibu, kwa dharau, tayari ameshainua mkono kushangilia. Sijui ulitokea wapi. Nilikuona tu umelala ndani ya maji, mguu umenyooka juu ya mstari, na mpira unarudi nje. Uwanja ukalipuka. Wakaanza kuliimba lile jina walilokupa kwa lugha yao, "Ukuta, Ukuta, Ukuta." Filimbi ilipolia wenzako walikubeba mabegani, nawe ukanitafuta jukwaani, uliponiona ukaweka kiganja sikioni. Unasikia? Nilisikia, mume wangu. Mpaka leo nikipita karibu na uwanja wowote nasikia.

Wakaja wale mabwana wawili wa suti, kutoka klabu iliyokuwa kubwa kuliko zote katika daraja mlilopandia. Walikaa kwenye viti vyetu vya plastiki, wakanywa chai yangu ya tangawizi bila kukunja uso. Bwana Liang akasimama kabisa kutafsiri, kama anasoma taarifa ya habari: "Ndugu Seif, klabu hii inakuhitaji kuanzia msimu ujao. Mimi binafsi ninafurahi sana kwa niaba yako." Wakati huo Nasra ameshazaliwa, umempakata mkono mmoja. Wakaondoka. Ulikwenda ukatia udhu, ukasali rakaa mbili, ukarudi ukaniambia, "Kampigie simu refa."

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Tajiri alikuwa na sherehe ya kiwanda. Wageni, maputo, hotuba, na mechi ya kirafiki isiyo na maana yoyote. Kocha alikwambia unaweza kupumzika. Ukasema, "Mwenye nyumba akialika, mpangaji hakatai." Nilikuwa pale na Nasra mgongoni. Mpira ulikuwa unatoka nje, hakuna mtu karibu, nawe ukageuka tu ili uuache uende zake. Njumu ikanasa kwenye nyasi. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Hakuna aliyekugusa. Hakuna, Baba Nasra. Ningekuwa na mtu wa kumchukia labda ningepumua. Uliketi chini polepole, mie nikadhani unafunga kamba za kiatu.

Hospitali, daktari alizungumza kwa kirefu, na Bwana Liang akatafsiri huku akiitazama sakafu. "Daktari anasema kano ya goti imekatika. Watakufanyia upasuaji. Anasema utatembea vizuri."

Ukamwambia, "Mwambie nimeuliza kucheza. Sikuuliza kutembea."

Bwana Liang hakumwambia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Ndugu Seif, daktari amesema kutembea."

Wale wa suti hawakurudi. Walituma kikapu cha matunda.

Ukafanya kila ulichoambiwa na zaidi. Ulishuka na kupanda ngazi za jengo huku umeshika ukuta, Apo akikuhesabia kwa Kikantoni kama anayemfundisha mtoto. Nasra alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama. Alijifunza kutembea kwa kukutazama wewe, na kwa kuwa wewe ulikuwa ukichechemea, naye akachechemea. Hatua moja nzima, ya pili ameiburuta. Nilimpeleka kwa daktari, akamkagua miguu yote miwili, akasema mtoto hana kitu. Wewe ulifahamu kabla yangu. Ukawa unajikaza kutembea sawasawa mbele yake, uso umekuloa jasho, na akiondoka tu unakaa.

Ulirudi uwanjani mapema mno. Sindano kabla ya mechi, barafu baada ya mechi. Akili yako ilikuwa ile ile. Bado uliujua mpira unakwenda wapi, ila ulikuwa unafika mwenzio ameshapita. Siku moja kijana mmoja mwenye mbio alikupita kulia, akakungoja, akakupita tena kushoto. Ukaanguka kwa magoti. Wangekuzomea ningestahimili. Walinyamaza, na mtu aliyekaa mbele yangu, mmoja wa waliokuwa wakiliimba jina lako mpaka sauti inakauka, akamwambia rafiki yake, "Yule alikuwa mzuri zamani." Kikantoni changu kilikuwa kimeshakomaa wakati huo. Nilitamani Apo asingenifundisha. Zamani! Zamani yenyewe ilikuwa msimu uliopita.

Jioni uliniuliza, "Watu walisemaje?"

Nikakwambia, "Walisema uwanja ulikuwa mbichi."

Ukaitikia kwa kichwa. Hukuamini, na hukuniuliza tena baada ya mechi yoyote.

Kisha benchi. Kisha hata benchi hukutajwa. Mwaka ule fedha za nchi za jirani zilianguka, mafeni hayakununuliwa, na tajiri akaivunja timu. Bwana Liang alikuja kutuaga kofia mkononi. Alitaka kusema kitu kizuri, akasema, "Mlango mmoja ukifungwa," akashindwa kumalizia. Ukamkumbatia. Alilia yeye; wewe hukulia.

Tukahamia Xiaobei, chumba kimoja mtaa wa Dengfeng, juu ya mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanaouza tambi za nyama ya kondoo. Waafrika tulikuwa wachache bado. Ukisikia mtu anasema Kiswahili barabarani unamkimbilia. Wafanyabiashara wa Dar na wa kwetu walikuwa ndiyo wanaanza kuja, na wote wanahitaji mtu wa kuwasemea. Nikawa nawapeleka maduka ya jumla ya nguo barabara ya Zhanqian na viwanda vya jinzi Xintang. Mie ndiye ninayemwita mwenye duka laoban, yaani bosi, ninayemwambia bei yake kali, ninayejifanya naondoka ili aniite. Nilikuwa hodari. Samahani kukwambia, nilikuwa nafurahi hata, mpaka nikikumbuka kwamba wewe uko nyumbani umekaa na mtoto, mguu juu ya ndoo, unatazama nje.

Hukutaka kukaa. Ulisema utabeba. Nikakwambia goti; ukaniambia goti ni lako. Ukawa unafunga marobota na kuyapandisha kwenye mikokoteni pale Zhanqian, pamoja na vijana wa Kichina kutoka mashamba. Walikupenda. Hawakujua wewe ni nani, na nadhani ndiyo maana nawe uliwapenda.

Mpaka akaja Bwana Haroub. Muuza nguo wa Darajani, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, mie ndiye niliyekuwa namtembeza madukani asubuhi ile. Tulitoka nje na suruali zake akakuona umeinama juu ya robota. Akaacha kila kitu.

"Wallahi huyu si Seif? Seif beki! Seif wa uwanja wa Mao!"

Ukainua uso. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwako. Nilikuona unamtazama, nikakuona unamjua, maana alikuwa hakosi mechi yako hata moja. Ukamwambia, "Umenifananisha, bwana."

Haroub akacheka. "Mfano gani huo unaosema Kiunguja safi kama maji?"

"Umenifananisha," ukarudia. Ukajitwika robota, ukaondoka, na kwa kuwa alikuwa anakutazama ulijikaza usichechemee. Ulikwenda sawasawa mpaka ukakunja kona. Aligeuka akaniuliza mie, "Dada, yule si yeye?" Nikawa nimeinama kwenye mfuko uliotiwa suruali zake, sikuinuka. Alisimama pale amepigwa na butwaa, mtu aliyekuwa na furaha ya kukupa, na hakuna wa kuipokea.

Ulipokuja nikakuuliza kwa nini umemkana Haroub. Ulikuwa unanawa mikono. Ukasema, "Sikumkana Haroub. Nilimkana Seif. Anayetafutwa hayupo."

Nilipaswa kuogopa maneno yale, lakini nilidhani ni uchovu.

Wiki chache baadaye Kamau, yule Mkenya wa viatu, akakuletea habari. Kuna timu Vietnam inatafuta mabeki warefu. "Buda, si ujaribu tu? Hilo goti ulifunge poa, hakuna mtu atajua." Macho yako yakafunguka. Nilikuwa sijayaona yamefunguka hivyo tangu kabla ya kile kikapu cha matunda. Nikakusihi turudi nyumbani. Nikakwambia Baba amezeeka, uwanja wa Mao umejaa watoto wasiojua kusimama mahali pa kusimama, utawafundisha.

"Nirudi kama nani?" ukaniuliza.

"Kama baba Nasra."

"Huyo hawamjui," ukasema. "Walionisindikiza walimsindikiza mwengine."

Asubuhi ya safari ulifunga goti kwa bandeji, ukavaa suruali juu yake, ukarukaruka pale mlangoni ili unioneshe. Kila uliporuka ulitua kwanza kwa mguu wa kushoto, ule mzima. Niliona, nawe ukaona kwamba nimeona. Ukambusu Nasra kichwani, ukaniambia, "Nitakuja kuwachukua." Nikakujibu nenda salama. Nikasimama dirishani nikakutazama unapita mbele ya mkahawa wa tambi, begi begani, mrefu kuliko kila mtu barabarani. Hukugeuka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Nilikuja kuitwa kwenye kibanda cha simu, nikakimbia na mtoto. "Mama Nasra, wamenichezesha kipindi kizima. Hakuna aliyepita." Sauti yako ilikuwa ile ya feni na umeme kukatika. Simu ya pili ilikuwa fupi. Daktari wao ameliona goti. Nikakwambia rudi, Seif, nikakuita kwa jina kwa mara ya kwanza. Ukasema bado kuna Indonesia. Simu ya tatu kulikuwa na mvua kwako, nilikuwa naisikia inapiga bati. Hukusema uko wapi. Ukaomba kuzungumza na Nasra. Akakamata mkonga wa simu kwa mikono miwili akawa anahema tu, hasemi. Nilikusikia unacheka. Kisha laini ikakatika, nikasimama pale nangoja upige tena, mwenye kibanda akanipa kigoda nikae.

Nimengoja tangu hapo. Mtu wa Tanga alisema amekuona Jakarta unafundisha watoto ufukweni. Mwengine akaapa kwamba ulikuwa Bangkok, umenenepa, una duka. Wa tatu alinitazama sana kisha akasema labda amekosea, na huyo ndiye aliyeninyima usingizi, maana sijui alikuwa ananificha nini. Nimeuliza kwa kila ofisi iliyokuwa na mlango wa kubisha. Wanasema wataulizia. Wao wana adabu, na mie sina pa kuwalaumu.

Nasra ameacha kuchechemea. Alikuwa anatoka kununua mkate na mie, anarukaruka kwenye vigae vya njia, nikagundua kwamba hatua zake zote mbili ni sawa. Kila mama angeshukuru. Mie niliketi kwenye ngazi ya duka la watu nikalia mpaka muuzaji akaniletea maji. Ilikuwa ndiyo alama pekee uliyomwachia, na imefutika. Uso wako Nasra haukumbuki. Namwonesha picha ya gazeti la Kichina, wewe umebebwa mabegani, na yeye huwa anaonesha yule aliye chini, aliyekubeba, ananiuliza, "Huyu?"

Mwezi uliopita nilimpigia Baba. Amekuwa haoni vizuri sasa, ila masikio yako sawa. Akaniuliza, "Una nini mwanangu, mbona unahema?" Nikamwambia nimechoka. Hakuniuliza kuchoka na nini. Akasema, "Mie nimekuwa refa. Dakika za nyongeza nimezitoa mara nyingi, kwa huruma hata, lakini zote zina mwisho."

"Tumpe kidogo tu, Baba."

"Umempa," akasema. "Umempa mpaka uwanja umebaki mtupu."

Amekwenda kwa kadhi kwa niaba yangu. Kadhi amesema litolewe tangazo gazetini, na muda ukipita bila ya jibu ataivunja ndoa. Karani ameliandika kwa mistari michache: jina lako, jina la baba yako, kwamba unatakiwa ufike mbele ya mahakama kabla ya muda kwisha. Baba alilihifadhi kichwani akanisomea kwenye simu, na nilipolisikia nikaona linamtafuta mtu ambaye sijapata kukutana naye. Ndiyo nikawaomba wa gazeti wanipe nafasi hii. Sikutaka uitwe kwa mistari ile tu, kama mtu aliyekimbia deni.

Hukukimbia deni. Nataka kila asomaye ajue. Ulikuwa beki ambaye hakuumiza mtu, na ukaumia bila kuguswa. Ulipendwa na uwanja mzima ambao haukujua kulitamka jina lako. Ulikuwa na mke na mtoto ambao wangekula mkate mkavu nawe mpaka kiama, na hilo halikukutosha. Nimelifikiri kila upande na halinipi jibu. Sikuchukii. Ningekuwa nakuchukia ningekuwa na kitu cha kushika.

Tunaondoka Guangzhou wiki ijayo, mie na Nasra. Nimeshawaaga wa Zhanqian. Nilikwenda kule kiwandani kumuaga Apo. Jengo limevunjwa, na hakuna aliyejua amepelekwa wapi. Usitutafute Dengfeng. Kama u hai, mlango wa Mikunguni unaujua, njoo umuone mwanao, mchana kweupe, bila ya timu na bila ya jina. Hutaulizwa kitu. Lakini usije kwa ajili yangu, kwa sababu muda utakuwa umepita, na nitakuwa nimeshajifunza kusimama.

Kila baada ya sala nakuombea. Mwanzo nilikuwa nikikuombea dua ya msafiri, Mungu akurejeshe salama. Halafu kukawa na siku ulimi wangu ukateleza ukaanza dua ya marehemu, nikashtuka nikaikatiza katikati, nikahisi nimekuua. Sasa huinua mikono na sijui nianze na ipi. Nakaa hivyo, mikono imefunguka, mpaka Nasra ananivuta nguo na kuniuliza mbona sisemi.

Buriani, Seif. Au safari njema. Pokea lile linalokuhusu.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Nasra